Kulipwa kwa makala, kwa wasomaji au na mteja wa karibu: ipi inamfaa mwandishi wa Mwanza?

Mtu ana kazi yake: mwalimu wa Ilemela, karani wa kampuni ya samaki, mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe. Anajua kuandika, na jioni hupata saa mbili tatu. Kipato kilichopo hakitoshi, na amesikia kwamba kuna tovuti zinazolipa makala. Anauliza apeleke wapi kalamu yake. Ninaandika kwa ajili ya huyo, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka mitandaoni umetolewa na watu wa Marekani, India au Nairobi, na mengi yanayowafaa wao hukwama kabla hayajafika Nyamagana.

Njia ziko nne. Ya kwanza ni masoko ya vibarua kama Fiverr na Upwork: unamwandikia mtu usiyemjua, anakulipa kwa kazi, makala inakuwa yake. Ya pili ni tovuti zinazolipa kwa kadiri unavyosomwa, kama Medium na HubPages. Ya tatu ni tovuti yako mwenyewe yenye matangazo ya Google AdSense. Ya nne husahaulika, nayo ni mteja wa karibu anayehitaji maneno: hoteli, kampuni ya utalii, shule binafsi, shirika, mfugaji wa samaki wa vizimba. Nitazipima kwa maswali yale yale badala ya kuisifia kila moja peke yake.

Pesa inafikaje mkononi

Anza na swali hili kabla hujaandika sentensi moja, kwa kuwa ndilo linalowaangusha wengi. Video za mafunzo hukuambia ufungue PayPal, huduma ya kutuma na kupokea fedha mtandaoni. Kwa Tanzania akaunti ya PayPal imekuwa ya kulipia na kununua, si ya kupokelea. Mwandishi wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa hili hili, ana bahati tofauti: tangu 2018 Mkenya anaweza kuhamisha fedha kutoka PayPal kwenda M-Pesa yake. Ndiyo maana ushauri wa Kisumu haumfai mtu wa Mwanza hata kama wote wanakula sato wa ziwa moja.

Hapo wengine huazima akaunti ya ndugu au rafiki aliye Kenya. Usifanye hivyo. Fedha iliyo kwenye akaunti ni ya mwenye jina, na kampuni ikiomba kitambulisho au picha ya uso, wewe huna la kuonyesha. Akaunti inafungwa, salio linabaki ndani, na hakuna dawati la kulalamikia. Isitoshe, ndugu mliyeaminiana naye mtaanza kuangaliana vibaya kwa kosa ambalo si lake.

Njia inayopitika ni Payoneer, huduma nyingine ya kupokea malipo kutoka nje. Unajisajili kwa kitambulisho chako, Fiverr au Upwork wanakutumia humo, nawe unahamishia kwenye akaunti yako ya benki ya hapa nchini. Jina la benki na jina la kitambulisho yawe sawa herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Masanja na benki iliandika Massanja, rekebisha kwanza. Pia ujue kwamba dola zikigeuzwa shilingi hupungua, kuna ada ya kutoa, na kuna ada ya mwaka kwa mwenye kuingiza kidogo. Kwa hiyo usitoe vijisenti kila wiki, acha vikusanyike.

Kuna na suala la kusubiri. Fiverr hushikilia malipo siku 14 baada ya kazi kukamilika, kwa muuzaji wa kawaida. Upwork, kwa kazi ya bei iliyopangwa mapema, mteja anaweka fedha kwanza, ana siku 14 za kukagua, na baada ya kuikubali kuna siku 5 nyingine kabla hujaigusa. Mteja akinyamaza, malipo hupita yenyewe siku hizo 14 za ukaguzi zikiisha. Ulinzi huo ni mzuri. Ila asiyeujua atapanga kodi ya nyumba ya tarehe moja kwa kazi aliyoimaliza tarehe ishirini na tano, kisha atakopa.

AdSense ni ndefu zaidi. Mapato yakifika dola 10 Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ili kuthibitisha anwani. Hapa kwetu maana yake ni sanduku la posta, na wengi hawana la kwao. Tumia la kazini, la shule au la kanisa, lakini mwambie mapema anayepokea barua, maana bahasha isiyo na mwenyewe hulala kabatini. Usipoiingiza namba hiyo ndani ya miezi minne matangazo yanasimamishwa. Halafu hulipwi mpaka ufikishe dola 100, na malipo hutoka kati ya tarehe 21 na 26 za mwezi unaofuata, kwenda benki.

Kwenye tovuti za kulipa kwa usomaji mlango ni mwembamba. HubPages hulipa kwa PayPal, basi kwa aliye Mwanza hesabu imeishia hapo. Medium ina orodha ya nchi zinazokubaliwa kwenye mpango wake wa kulipa waandishi, na orodha hiyo imekuwa ikibadilika. Isome siku unayojisajili, na usitegemee maneno ya video ya mwaka juzi.

Mteja wa karibu analipa kwa M-Pesa au Airtel Money, na unasikia ujumbe ukiingia. Hakuna dola wala siku 14. Ugonjwa wake ni mwingine: kukopwa. "Nitakurushia kesho" ni sentensi inayoweza kuishi miezi. Tiba yake ni nusu mbele na nusu kazi ikikabidhiwa, na makubaliano yaandikwe hata kwa ujumbe wa WhatsApp: makala ngapi, maneno mangapi, marekebisho mara ngapi, tarehe gani. Anayekataa kutoa nusu mbele kwa kazi ndogo amekuonyesha mapema atakavyokuwa mwisho.

Saa yako inauzwa bei gani

Tuchukulie dola moja ni shilingi 2,500, kwa urahisi wa hesabu. Bei ya chini kabisa ya Fiverr ni dola 5. Fiverr inakata asilimia 20, unabaki na dola 4, yaani shilingi 10,000, kabla ya ada ya kutoa. Makala ya maneno 500 iliyofanyiwa utafiti wa kweli, ikaandikwa na kusahihishwa, haiwezi kukuchukua chini ya saa mbili; kwa anayeanza, tatu. Toa bando. Umeme ukikatika katikati, toa na subira.

Sisemi makato ni dhuluma. Dalali wa soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba anakata chake, lakini ndiye aliyemleta mnunuzi na ndiye anayehakikisha mnunuzi hatoroki na mzigo. Tatizo ni kukaa kwenye bei ya dola 5 baada ya kupata sifa nzuri. Ukishapata wateja watano sita walioridhika, panda. Asiyepanda anajikuta anaandika usiku kucha kwa kipato cha kibarua cha kupakia mizigo.

Upwork ilikata asilimia 10, na tangu 2025 makato yake ni kati ya 0 na 15 kulingana na kazi. Wateja wake kwa kawaida wana bajeti kubwa zaidi, lakini unalipia tokeni za kuombea kazi, na kwa kila tangazo unashindana na watu wa nchi nyingi. Hapo anayeshinda ni yule aliyejibu tangazo lenyewe. Mwenye ombi moja analolinakili kila mahali huwa anachoma tokeni tu.

Tovuti yako mwenyewe, kwa miezi ya mwanzo, hailipi kitu. Tuseme kwa mfano kwamba kila kurasa 1,000 zikitazamwa unapata dola moja: kufikia dola 100 za kwanza unahitaji kurasa 100,000. Kwa mtu anayeandika makala moja kwa wiki hiyo si hesabu ya mwezi huu wala ujao. Anayekuambia utalipwa haraka kwa AdSense anakuuzia kozi.

Medium nayo inalipa hasa kutokana na usomaji wa wanachama wanaolipia, ambao uanachama wao ni dola 5 kwa mwezi. Ndugu zako wa Buzuruga na Igoma wakikusoma kwa wingi, wakashea, wakakupongeza, hawakuletei kitu kama si wanachama. Mwandishi wa Kiingereza fasaha anayeeleza maisha ya ziwani kwa msomaji wa mbali anaweza kupata chochote. Anayeandika Kiswahili atapata sifa.

Sasa mteja wa karibu. Nyumba ya wageni iliyoko Ukerewe inataka ukurasa unaomweleza mgeni jinsi ya kufika: meli kutoka bandari ya Mwanza hadi Nansio, au gari kupitia Bunda na kivuko cha Kisorya. Mkikubaliana shilingi 40,000 kwa ukurasa huo, umepata sawa na makala nne za dola 5, na umeandika jambo unalolijua bila kutafuta popote. Atakapohitaji la Kiingereza, mnaongeza. Akiridhika, jirani yake atakupigia. Sioni kwa nini kijana aliyezaliwa Mkolani aanze kwa kumwandikia mtu wa Ohio makala kuhusu mashine za kukata nyasi.

Makala ni ya nani, na nani anaweza kufunga mlango

Hili watu hulichukulia kama jambo la wanasheria, ilhali ndilo linaloamua kama baada ya miaka mitano utakuwa na kitu. Yako mambo yaliyokwisha kutokea. Kampuni ya Marekani iitwayo Demand Media, iliyomiliki eHow, ilikuwa ikilipa waandishi wengi kiasi cha dola 15 kwa makala, na Januari 2011 iliingia kwenye soko la hisa. Mwezi uliofuata Google ilibadili namna ya kupanga matokeo yake, badiliko lililoitwa Panda, likazishusha tovuti zilizojaa makala nyepesi zilizoandikwa kwa wingi. Kazi zikapungua. Associated Content ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2010 na kugeuzwa Yahoo Voices, kisha mwaka 2014 ikafungwa. Squidoo ikaisha mwaka huo huo, makala zake zikahamishiwa HubPages. Waliokuwa wamejenga kipato chao kwenye kurasa hizo waliamka na kukuta uamuzi umefanywa na watu ambao hawakuwajua.

Kwa hiyo tofauti ni hii. Kwenye Fiverr na Upwork unauza makala moja kwa moja, na kwa kawaida jina lako halionekani, umelipwa, imekwisha. Ni sawa, mradi ujue kwamba kesho unaanza tena kutoka sifuri. Kwenye Medium makala inabaki yako na unaweza kuihamisha, ila wasomaji ni wa kampuni. Kwenye tovuti yako, iliyo chini ya jina ulilolisajili mwenyewe, makala ni yako na wasomaji wanakuja kwako, na hata Google ikikusukuma chini bado unazo anwani za waliojiandikisha. Kwa mteja wa karibu, omba jambo moja zaidi ya fedha: ruhusa ya kuonyesha kazi hiyo kama mfano. Wengi hukubali kwa furaha.

Lugha, na unachojua wewe pekee

Novemba 2022 ChatGPT ilitoka, na makala za aina ya "faida kumi za kunywa maji" zikakosa bei. Mteja anaipata bure kwa dakika moja, tena isiyo na makosa ya tahajia. Anayeingia leo kwa kutegemea makala za namna hiyo amechelewa, nami namwambia hivyo kwa sababu namjali.

Kisichopatikana bure ni kile kinachotoka kwa mtu aliyekuwepo. Kwa nini bei ya dagaa hubadilika kufuata mwezi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Mabondo ya sangara, yaani vibofu vyake vya hewa, yanavyofuata njia yake hadi masoko ya China huku minofu ikienda kwingine. Anayetaka kuanza vizimba vya sato anapaswa kuuliza nini kabla ya kukopa. Safari ya Geita imebadilikaje tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, na foleni ya kivuko kuisha. Mgeni aliye na siku moja tu Mwanza achague kisiwa cha Saanane au aende Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Tembea kutoka Makoroboi hadi Mwaloni ukiwa na daftari, utarudi na makala ambazo mwandishi wa nchi nyingine hawezi kuziandika hata akilipwa.

Kuhusu lugha: AdSense ilianza kukubali tovuti za Kiswahili mwaka 2018, kwa hiyo hoja ya kwamba Kiswahili hakiruhusiwi imepitwa na wakati. Ila watangazaji hulipa zaidi kwa Kiingereza, na mteja wa Upwork anayetaka Kiswahili kwa kawaida anataka tafsiri. Usiidharau. Tafsiri ya maelekezo ya afya, ya programu ya simu au ya mafunzo ya wakulima hulipa vizuri kuliko makala nyingi za Kiingereza, na ushindani wake ni mdogo, mradi Kiswahili chako kiwe safi na si cha kubandika neno juu ya neno. Mwenye Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kusoma tu aanzie hapo.

Sheria, kwa kifupi

Anayemwandikia mteja haguswi sana na hili. Anayefungua tovuti yake anaguswa. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka mwaka 2018, na wakati huo ada za maombi, leseni na mwaka kwa pamoja zilipita shilingi milioni 2. Ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na ada zikashushwa. Kabla ya kununua jina la tovuti, fika ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, waeleze unataka kuandika nini, na useme wazi kama kuna habari na matukio ndani yake, kwa kuwa hapo ndipo leseni inapoulizwa. Na anayetaka kuandikia magazeti kama mwandishi wa kujitegemea akumbuke Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inayodai ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kama mwandishi wa habari.

Kuna kazi moja ya kukataa hata ukiwa na njaa: kuwaandikia wanafunzi wa nje insha na tasnifu. Matangazo yake ni mengi na bei zake hushawishi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya kuuza huduma hiyo England kuwa kosa, na hata pasipo na sheria, unamsaidia mtu apate cheti cha uuguzi au uhandisi asichostahili. Kataa pia tovuti yoyote inayokudai "kiingilio" ili ikupe kazi. Tokeni za Upwork ni gharama ya kuomba kazi kwenye soko linalojulikana. Mtu wa Telegram anayetaka shilingi 30,000 za "usajili" ni mwizi.

Nani achague nini

Mwenye mshahara na saa chache, kama mwalimu au muuguzi wa Bugando, namshauri aanze na wateja wawili wa karibu na asifungue chochote kingine mpaka wamlipe kwa ukamilifu. Muda wake ni mdogo mno kuutumia kubishania dola 5.

Anayejua Kiingereza vizuri na ana kompyuta yake, aende Upwork akiwa na somo moja tu. Samaki, kilimo cha pamba, utalii wa ziwani au tafsiri ya afya. Moja. "Naandika chochote" ni sentensi inayomfanya mteja apite. Fiverr aitumie kupata sifa za mwanzo kisha apandishe bei.

Aliye na subira na kipato kingine cha kutegemea, afungue tovuti yake, makala moja nzuri kwa wiki, akiihesabu kama shamba la miti na si bustani ya mchicha. Medium aitumie kama kabati la kuonyeshea kazi za Kiingereza, akilipwa ashukuru.

Mwanafunzi ambaye hana mteja wala sifa asisubiri kupewa kazi ndipo aandike. Achague mambo matatu ya ziwa hili anayoyajua, aandike makala tatu za kiwango anachotaka kulipwa, kila moja kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ampe mtu mwenye jicho kali azisahihishe. Kisha azipeleke kama mifano kwa kampuni ya utalii, kwa hoteli na kwa shirika moja, na bei iandikwe chini kabisa ya ujumbe kwa shilingi, ikiwa na maneno haya: nusu mbele, marekebisho mara mbili.